Kabla Hujalipia Kiwanja cha Biashara: Namna ya Kukagua Uchafuzi Uliobaki Ardhini

"Kiwanja kina hati, hakina mgogoro, na muuzaji ana cheti cha mazingira. Udongo nipime wa nini tena?" Swali hili huulizwa na wanunuzi wa kila aina, anayetafuta eneo la ghala Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam na anayetaka kujenga maduka juu ya gereji ya zamani Nairobi. Jibu ni hili: hati inaeleza nani ana haki ya kumiliki. Cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira kinaeleza mradi utafanya nini kuanzia leo kwenda mbele. Hakuna hata kimoja kinachokwambia ardhi ile ilinyweshwa nini miaka 30 iliyopita. Kazi hiyo inafanywa na ukaguzi mwingine, unaotazama nyuma.

Ukaguzi huo una awamu mbili. Ya kwanza haina kuchimba: ni karatasi, picha, mazungumzo na kutembea kiwanjani. Ya pili ni kuchimba na kupeleka sampuli maabara, na hufanywa pale tu ya kwanza ilipoonyesha sababu. Mpangilio wa awamu ya kwanza hapa chini unafuata kiwango cha Marekani cha ASTM E1527-21, lakini hatua zimewekwa kwa hali ya Tanzania na Kenya, ambako kumbukumbu hazikai sehemu moja na nyingine hazijawahi kuandikwa.

Usilichukulie jambo hili kama anasa ya miradi mikubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 na ile ya Kenya ya 1999 zote zinaruhusu kutolewa amri ya kurejesha mazingira. Aliyechafua anaweza kuwa amefunga kampuni na kuondoka. Anayeonekana ni mwenye kiwanja cha leo. Na madhara si ya kwenye karatasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliacha madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za wakazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwenye rufaa.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Nyaraka: nakala ya hati, ramani ya upimaji yenye namba za mawe ya mipaka, na matokeo ya upekuzi rasmi wa hati yasiyozidi mwezi mmoja. Omba pia vibali vya ujenzi vya zamani na michoro ya mabomba na umeme kama ipo.

Ruhusa ya maandishi kutoka kwa muuzaji. Itaje wazi mambo matatu: kuingia, kupiga picha, na kuchimba. Ruhusa ya "kuangalia kiwanja" haikupi haki ya kutoboa sakafu.

Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na mamlaka ya mazingira ya nchi husika, ambaye unamlipa wewe. Ripoti aliyoagiza muuzaji isome kama taarifa ya ziada, usiitegemee kufanya uamuzi. Mengi ya hatua za mwanzo unaweza kuyafanya mwenyewe, ila ripoti itakayopelekwa benki lazima isainiwe na mtu huyo.

Vifaa vya ziara: simu yenye kamera na GPS, futi ya mita 50, tochi yenye nguvu, mtaimbo wa kufungulia vifuniko, buti, glavu, na daftari. Chukua pia ramani ya kiwanja iliyochapishwa kubwa ili uandike juu yake.

Muda: panga wiki tatu hadi nne kwa awamu ya kwanza. Muda huo uingie kwenye mkataba wa awali. Ukishalipa malipo ya kwanza bila sharti la ukaguzi, nguvu yako ya kujadiliana imekwisha.

Hatua ya 1: Andika utakachojenga

Sentensi mbili zinatosha, lakini ziandikwe, kwa sababu kiwango cha uchafu kinachovumilika kinategemea matumizi. Yadi ya malori yenye sakafu ya zege inaweza kuishi na udongo ambao usingeukubali chini ya shule ya awali. Ukipanga kuchimba chini kwa ajili ya maegesho, mambo mawili yanaongezeka: udongo utakaoutoa utaupeleka wapi, na maji utakayoyapampu kutoka shimoni utayamwaga wapi. Kama udongo una mafuta, dampo la kawaida si mahali pake na gharama hupanda ghafla. Hili hugundulika siku ekskaveta limeshaanza kazi, wakati kila siku ya kusimama inalipiwa.

Hatua ya 2: Irudishe historia ya kiwanja nyuma kwa picha

Anza na Google Earth Pro ya kwenye kompyuta, ambayo ina kitufe cha kurudisha picha za miaka iliyopita. Picha nzuri za miji yetu nyingi zinaanzia miaka ya 2000. Kwa kipindi cha nyuma zaidi, tovuti ya EarthExplorer ya idara ya jiolojia ya Marekani (USGS) ina picha za setelaiti za kijasusi za Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na sasa ziko wazi kwa umma. Zina rangi nyeusi na nyeupe, lakini majengo makubwa na matangi ya mafuta huonekana. Picha za anga zilizopigwa kwa ndege ziombe kwenye idara ya upimaji na ramani.

Tengeneza jedwali: mwaka, kilichoonekana kiwanjani, kilichoonekana kwa majirani. Lenga kutoruka zaidi ya miaka mitano pale picha zinapopatikana, na urudi hadi wakati eneo lilipokuwa shamba au pori. Unatafuta mabadiliko: paa la sheli lililotoweka, madoa meusi kwenye yadi, shimo lililofukiwa, mapipa yaliyopangwa, bwawa la maji machafu lililogeuka kuwa uwanja wa kupaki magari.

Kosa la kawaida hapa ni kutazama picha ya sasa na ya mwaka jana tu. Gereji iliyovunjwa mwaka 2009 haitaonekana, lakini oili yake bado ipo.

Hatua ya 3: Pita ofisini na maswali yaliyoandikwa

Nenda na barua moja yenye namba ya kiwanja, mtaa, na majina ya wamiliki waliopita kutoka kwenye upekuzi. Maafisa hujibu haraka zaidi barua iliyo wazi kuliko swali la mdomo.

Leseni za vituo vya mafuta zinasimamiwa na EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Uliza kama kiwanja hicho kiliwahi kuwa na leseni, na matangi mangapi yalisajiliwa. Zimamoto huwa na kumbukumbu za moto na vyeti vya usalama. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husajili wanaoingiza na kuhifadhi kemikali za viwandani. Halmashauri ina leseni za biashara za miaka ya nyuma. Visima vya maji vya Dar es Salaam viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na vya Kenya chini ya WRA, mamlaka ya rasilimali za maji. Kumbukumbu za visima zina thamani kubwa, maana zinakupa kina cha maji na aina ya udongo bila wewe kuchimba.

Ofisi isipojibu, andika tarehe uliyopeleka barua na endelea. Ukimya nao unaingia kwenye ripoti kama pengo la taarifa. Usiugeuze kuwa "hakuna tatizo lililopatikana".

Hatua ya 4: Zungumza na waliokuwepo

Kwa nchi zetu hatua hii mara nyingi hutoa zaidi ya ofisi zote. Mtafute mlinzi wa zamani, fundi aliyefanya kazi pale, mjumbe wa mtaa au chifu, mama lishe aliyeuza chakula nje ya geti, na majirani wenye visima.

Usiulize "Je, kuna uchafuzi?" Utajibiwa hapana. Uliza vitu vya kushikika: Oili chafu ilikuwa inamwagwa wapi? Matangi yalikuwa mangapi, na yalitolewa au yalifukiwa? Betri zilivunjiwa upande gani? Kuna siku dizeli ilimwagika? Maji ya kisima yaliwahi kunuka? Kabla ya mwenye kiwanja huyu alikuwepo nani? Mwombe atembee nawe akuonyeshe kwa kidole, kisha weka alama ya GPS hapo hapo. Mtu mmoja akisema tangi lilitolewa na mwingine akisema lilifukiwa, chukulia kwamba bado lipo mpaka upate ushahidi.

Hatua ya 5: Tembea kiwanja chote

Tembea kwa mistari ya sambamba, mita 10 hivi kati ya mstari na mstari, halafu zunguka mpaka wote. Ingia kila chumba. Kisichofunguka, andika hakikufunguka na kwa nini. Haya ndiyo ya kutafuta:

- Bomba jembamba lililosimama ukutani au kwenye kona bila kazi inayoeleweka. Mara nyingi ni bomba la kupumulia la tangi lililo chini ya ardhi.
- Vifuniko vya chuma vya duara au mraba kwenye sakafu, na viraka vya zege vyenye rangi tofauti. Kiraka cha kama mita 3 kwa 6 ni saizi ya shimo la tangi.
- Mashimo ya kukagulia magari. Angalia kama yana sakafu ya zege au ni udongo mtupu chini.
- Madoa meusi, udongo unaonata, majani yaliyokufa kwa umbo lisilo la kawaida, na rangi za upinde wa mvua juu ya maji yaliyotuama.
- Mitaro na chemba: fuata kila moja hadi mwisho wake. Chemba ya kutenganisha oili na maji ambayo haijasafishwa miaka mingi huwa imevuja.
- Transfoma za zamani. Zile za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ambayo Mkataba wa Stockholm ulitaka iondolewe kwenye matumizi kufikia 2025. Tazama kama kuna michirizi ya mafuta chini yake.
- Mabati ya kijivu ya saruji yenye mawimbi makubwa. Ya majengo ya zamani huenda ni asbesto. Usiyavunje wala kuyakata ili "kuangalia". Hayahesabiwi kama uchafuzi wa ardhi, lakini kuyaondoa kuna utaratibu wake na gharama yake, kwa hiyo yaandike.

Piga picha kila kitu pamoja na kitu cha kulinganishia ukubwa, kama futi au kalamu.

Onyo: usiingie kwenye shimo, tangi au chemba yoyote kwa sababu yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini. Mtu huzimia kabla hajajua. Na kamwe usimruhusu fundi wa kuchomelea akate tangi la zamani ili "aone kama ni tupu". Tangi lililoisha mafuta lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Hatua ya 6: Watazame majirani, hasa wa upande wa juu

Uchafuzi hausomi mawe ya mipaka. Maji ya ardhini kwa kawaida hufuata mteremko kuelekea mto au bahari, kwa hiyo sheli iliyo juu yako ni tatizo lako kuliko iliyo chini yako. Orodhesha sheli, gereji, viwanda, dampo na mabomba ya mafuta yaliyo ndani ya mita 500, na maeneo makubwa sana, kama bohari za mafuta na madampo makuu, hadi kilomita 1.5.

Bomba la mafuta lichunguze kwa makini ya pekee. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni katika mtaa wa Sinai, Nairobi, ikawaka na kuua watu zaidi ya 100. Mwaka 2015, uvujaji wa bomba la mafuta ulichafua mto Thange, kaunti ya Makueni, na visima vya wakulima. Waliodhurika kule Thange hawakuwa na tangi wala sheli.

Hatua ya 7: Amua kama utachimba

Panga uliyoyapata katika mafungu matatu. La kwanza, mambo madogo: doa la oili la ukubwa wa meza, pipa moja lililovuja juu ya zege isiyo na nyufa. Safisha na uendelee. La pili, mambo yaliyowahi kutokea na yakasafishwa kwa ushahidi wa maandishi, pamoja na matokeo ya maabara. Soma ushahidi huo wewe mwenyewe. La tatu, dalili kwamba kemikali au mafuta yameingia ardhini, au huenda yakaingia. Fungu hili likiwa na hata kitu kimoja, unaenda awamu ya pili.

Sheli ya zamani iingie fungu la tatu moja kwa moja, hata kama kila mtu anaapa matangi yalikuwa mazima. Matangi ya chuma ya ukuta mmoja huoza, na kwenye udongo wa chumvi wa pwani huoza haraka zaidi.

Hatua ya 8: Chagua vipimo kulingana na historia

Kupima "kila kitu" ni kupoteza fedha, na kupima "metali" zote kwenye sheli ni kupima vitu vingi visivyohusika. Mwongozo wa haraka:

- Sheli: benzini, toluini, ethilibenzini, zaileni, na jumla ya mafuta ambayo maabara huandika TPH. Kama ilikuwepo kabla ya 2006, ongeza madini ya risasi, kwa kuwa petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2005.
- Gereji: TPH, risasi, na viyeyushi vya kusafishia vipuri.
- Drai klina: tetrakloroetilini, yaani PCE. Hii ni nzito kuliko maji, huzama badala ya kuelea, na mvuke wake hupenya sakafu ya jengo. Pima pia hewa iliyo chini ya zege.
- Betri na vyuma chakavu: risasi, kadimiamu, zinki, na ukali wa asidi wa udongo.
- Kiwanda cha ngozi: kromiamu, ukitenganisha kromiamu sita ambayo ndiyo yenye sumu kali.
- Kiwanda cha kutibu nguzo: arseniki, shaba, kromiamu na kreosoti.
- Ghala la pembejeo: viuatilifu vya zamani, pamoja na DDT.

Hatua ya 9: Chimba mahali sahihi na kina sahihi

Kabla ya kutoboa, pata mchoro wa nyaya za umeme na mabomba ya maji, na mita 1.2 za mwanzo zichimbwe kwa mkono. Kila tundu liwe na sababu. Kwa sheli ndogo, matundu manane hadi kumi yanatosha kuanzia: pembezoni mwa kila tangi, kila mstari wa pampu, mahali pa kujazia mafuta, kwenye chemba ya oili, kwenye mpaka wa upande wa chini. La mwisho liwe upande wa juu, mahali pasipoguswa, kwa ajili ya kulinganisha.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea: kuchimba mita 1 na kutangaza udongo ni safi. Tangi la kawaida lina kipenyo cha mita 2 hadi 2.5, na juu yake kuna karibu mita 1 ya kifusi. Kitako chake kiko mita 3 hadi 3.5 chini. Mafuta yaliyovuja yako chini ya hapo. Tundu lako lishuke hadi mita 4 au 5, au lifike maji. Kinyume chake, kwenye yadi ya betri risasi hukaa juu. Hapo sentimita 10 za mwanzo ndizo muhimu.

Auga ya mkono, yaani keekee ya kutobolea udongo, hufika mita 3 au 4 kwenye mchanga wa Dar es Salaam. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Nairobi utachoka mapema, na chini yake kuna mwamba, kodi mashine. Kwenye mwamba wa matumbawe wa Mombasa tegemea uchafu kusafiri kwenye nyufa, hivyo tundu moja safi halithibitishi chochote kuhusu mita tano pembeni.

Kila nusu mita, jaza mfuko wa plastiki wa kufunga kwa udongo hadi nusu, ufunge, upondeponde, uuache dakika 10 hadi 15 kivulini, kisha chomeka kipima mvuke cha mkononi na uandike namba ya juu kabisa. Namba hizo zinakuonyesha kina cha kuchukulia sampuli ya maabara. Zenyewe si matokeo.

Sampuli za benzini na wenzake hazichanganywi. Kukoroga udongo wa matundu manne kwenye ndoo ili kulipia kipimo kimoja kunafukuza mvuke wote, na maabara itaandika sifuri kwa haki kabisa. Jaza chupa ya kioo hadi mdomoni bila nafasi, funga mara moja, weka kwenye kisanduku cha barafu. Vichupa vyenye methanoli vya maabara ni bora zaidi. Kati ya tundu na tundu, sugua vyombo kwa brashi na sabuni, suuza kwa maji safi, malizia kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake.

Hatua ya 10: Chukua maji

Weka visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, kwa umbo la pembetatu. Vitatu vilivyo kwenye mstari mmoja havikuonyeshi maji yanaelekea wapi. Uliza bodi ya maji kuhusu kibali kabla ya kuchimba. Tumia bomba la uPVC la milimita 50; sehemu yenye matundu ianzie juu ya usawa wa maji na kuishia chini yake, kwa sababu petroli huelea. Ukiizamisha yote chini ya maji, mafuta yatapita juu yake bila kuingia. Zungushia kokoto laini hadi nusu mita juu ya matundu, kisha bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba) ya nusu mita au zaidi, kisha saruji hadi juu.

Ukimaliza, kisafishe kisima na ukiache angalau saa 24. Pima kwanza kama kuna mafuta yanayoelea, kwa beila, yaani kichoteo chembamba, ya plastiki inayoonyesha ndani. Halafu toa maji mara tatu ya ujazo uliomo: bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo maji ya kina cha mita 3 ni lita 6, na unatoa lita 18. Hapo ndipo unachukua sampuli.

Chupa za benzini ni za kioo, mililita 40, zina asidi kidogo ndani, usizisuuze. Jaza taratibu hadi maji yafanye kichuguu mdomoni, funga, geuza juu chini na gonga. Ukiona kipovu, rudia. Chupa za maji ya kunywa za dukani hazifai kabisa.

Hatua ya 11: Peleka maabara

Sampuli zikae kwenye nyuzi 4 hivi. Maji ya benzini yenye asidi yana siku 14, maji ya TPH siku 7, metali miezi 6, zebaki siku 28. Kila chupa iwe na namba, tarehe, saa na kina, na fomu ya makabidhiano isainiwe kila inapobadilisha mkono. Ongeza sampuli pacha moja kwa kila kumi, iliyopewa jina tofauti, na chupa ya maji safi ya maabara isafiri ndani ya kisanduku bila kufunguliwa. Chupa hiyo ikirudi na benzini, kisanduku chako au gari lako limechafua sampuli.

Kabla ya kulipa, uliza kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yao inaona. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini kwenye maji ya kunywa kuwa 0.01 mg/L. Maabara inayokuandikia "chini ya 0.05" haijajibu swali lako.

Hatua ya 12: Soma matokeo

Tazama kwanza namba imeandikwa kwa kizio gani, mg/L au mg/kg, kisha ilinganishe na kikomo chake. Benzini 0.03 mg/L inaonekana ndogo, lakini ni mara tatu ya kikomo. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, anzia hapo. Kwa vitu visivyoorodheshwa, wataalamu wengi hutumia viwango vya Uholanzi vya 2013 vya kuamua kuingilia kati: kwa udongo, risasi 530 mg/kg, benzini 1.1 mg/kg, mafuta ya madini 5,000 mg/kg. Vimewekwa kwa udongo wenye mfinyanzi 25% na mboji 10%, hivyo kwa mchanga wa pwani lazima virekebishwe kushuka.

Linganisha pia na tundu lako la upande wa juu. Maji ya ardhini ya Nairobi yana floridi nyingi kiasili, mara nyingi juu ya kikomo cha 1.5 mg/L. Hiyo haikuletwa na sheli.

Hatua ya 13: Rudi kwa muuzaji

Una njia nne: asafishe kwanza na alete matokeo mapya, bei ishuke kwa gharama ya usafishaji iliyokadiriwa na mtaalamu, sehemu ya fedha ishikiliwe na wakili hadi kazi iishe, au uachane na kiwanja. Ukinunua, ambatisha ripoti kwenye mkataba. Ndiyo kumbukumbu yako ya hali uliyoikuta.

Mambo yakikwama

*Muuzaji anakataa kuchimbwa.* Pendekeza achague yeye maabara moja kati ya tatu ulizoziorodhesha, na wewe ulipie na kufukia matundu. Akikataa bado, na eneo lilikuwa sheli au kiwanda, panga bei kama vile limechafuka.

*Kumbukumbu hazipo kabisa.* Ongeza mahojiano na matundu. Pengo la taarifa hufidiwa kwa sampuli, si kwa matumaini.

*Pua inanusa petroli, maabara inasema hakuna.* Kagua kama sampuli zilichanganywa, zilikaa juani, chupa ilikuwa na nafasi, au tundu lilikuwa fupi. Chukua upya kina kilichokuwa na namba ya juu ya kipima mvuke.

*Umekuta mafuta yanayoelea kisimani.* Simamisha uchimbaji, zuia moto na sigara, mjulishe mwenye kiwanja kwa maandishi siku hiyo hiyo, na mwombe wakili ushauri kuhusu wajibu wa kutoa taarifa. Majirani wanaokunywa maji ya visima lazima waambiwe mapema.

*Kisima kimekauka.* Umechimba kiangazi au umeishia juu ya mwamba. Rudi baada ya mvua, au shuka zaidi. Usiandike "maji hayajaathirika".

*Ununuzi umechelewa.* Mahojiano, kumbukumbu za ofisi na ziara ya kiwanjani vyote huchakaa baada ya siku 180. Vikipita hapo, vifanywe upya. Ripoti ikipita mwaka, anza upya yote, maana miezi 12 inatosha kwa mpangaji mpya kufungua gereji ya pembeni na kumwaga oili ukutani kwako.